Francis Galton, mutu mwenye hakuamini watu wa chini, na ngombe wa Plymouth

Wandugu wafanyakazi wa mine, wamama wa kambi, na ninyi vijana: kila mara uchaguzi unakaribia, ku kila avenue watu wanabashiri nani atashinda. Siku hizi vijana wanaonyeshana ku telefone masoko ya Ulaya na Marekani, kwenye mutu anaweka feza yake juu ya nani atakuwa rais, juu ya vita itaisha lini, hata juu ya bei ya vitu. Wengi wanauliza: ile bei tunaona pale inasema kweli ao ni muchezo wa pari paka?

Ili kujibu muzuri, tumeona afazali tueleze maisha ya Mwingereza mumoja mwenye alikufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hakuwa rafiki yetu. Alitutukana sisi watu weusi mu vitabu vyake, na alizarau wafanyakazi wa inchi yake mwenyewe. Lakini hesabu moja yenye alifanya uzeeni ilisema kinyume cha mawazo yake, na yeye hakuificha. Ile hesabu ni mali yetu pia.

Mutoto wa matajiri

Francis Galton alizaliwa tarehe 16 Februari 1822 karibu na Birmingham, muji wa viwanda ku Uingereza. Alikuwa mutoto wa mwisho mu jamaa kubwa. Babu yake ku upande wa mama alikuwa munganga Erasmus Darwin, na kwa hiyo Charles Darwin, mwenye alieleza namna viumbe vinabadilika, alikuwa ndugu yake. Babu yake ku upande wa baba, Samuel Galton, alikuwa na kiwanda cha bunduki. Bunduki nyingi za kile kiwanda zilipandishwa meli kwenda pwani ya Afrika, na huko zilitumika katika biashara ya kununua watumwa. Jamaa ilikuwa ya dini ya Wakweka, watu wenye kukataa vita, na kanisa lao mwenyewe lilimuhukumu juu ya ile kazi. Nyuma yake jamaa iliacha bunduki ikaingia mu banki. Baba ya Francis alikuwa mwenye banki.

Kijana alianza kusoma udaktari ku hospitali ya Birmingham na ku King's College ya London, kisha akaenda Cambridge kusoma hesabu. Mwaka 1844 baba yake alikufa, akamuachia urizi mukubwa. Galton aliacha udaktari palepale, na toka ile siku mupaka kufa kwake hakuhitaji tena kufanya kazi ya kulipwa. Tunasema hii si juu ya wivu. Tunasema juu mutu mwenye kufanya poste ya usiku hana muda wa kukaa na kupima dunia. Yeye alikuwa na muda, na njo maana alipima kila kitu.

Safari za Afrika

Mwaka 1845 alipita Misri na kupanda Nili mupaka Khartoum, zaidi kwa kutembea tu. Safari ya kweli ilianza mwaka 1850. Alishuka meli ku Walvis Bay, mu inchi yenye leo inaitwa Namibia, pamoja na Musuedi mumoja, Charles John Andersson. Kule ndani Wanama na Waherero walikuwa wanapigana, na njia ilikuwa imefungwa. Galton alivaa koti nyekundu ya kuwinda, akapanda juu ya ngombe, akaingia naye mupaka ku mulango wa chifu wa Wanama, Jonker Afrikaner, kumuambia aache vita. Mwaka 1851 alifika Ondonga, kwa mufalme Nangoro. Alipima njia, milima na nyota, akachora karte. Aliporudi, mwaka 1853 shirika la jiografia la London lilimupa medali ya zahabu.

Iko jambo moja la ile safari lenye linaonyesha roho yake. Ku misioni moja aliona mwanamuke wa Kinama, akataka kujua vipimo vya mwili wake. Hakumuomba ruhusa. Alisimama mbali na chombo chake cha kupimia inchi, akamupima toka kule kama vile mutu anapima kilima, kisha akaandika ile habari mu kitabu kama kichekesho. Kwa Galton watu walikuwa vitu vya kuhesabiwa. Kusikiliza wanasema nini, hapana.

Mwaka 1873 alituma barua ku gazeti The Times la London. Alishauri kwamba Wachina waletwe kukaa ku pwani ya Afrika ya mashariki, wazae, waongezeke, mupaka wachukue nafasi ya wenyeji. Ile pwani njo kwenye lugha yetu hii ya Kiswahili ilizaliwa. Tuseme wazi, juu leo ku Lualaba na Haut-Katanga tunafanya kazi pamoja na Wachina: ile barua haikuandikwa na Muchina, na hakuna Muchina mwenye aliulizwa. Ni tajiri mumoja wa London mwenye alikaa ku meza yake akagawanya watu wa mabara mawili kama mufuko wa muchele.

Mutu wa kupima kila kitu

Lazima tukubali, akili yake ya hesabu ilikuwa kubwa. Tarehe 1 Aprili 1875 The Times lilichapisha karte yake ya hali ya hewa, kuonyesha upepo na mvua vya siku iliyotangulia. Ilikuwa mara ya kwanza gazeti la kila siku linatoa karte ya namna ile. Mwaka 1888 alionyesha namna ya kuhesabu kama vitu viwili vinatembea pamoja, sawa urefu wa mukono na urefu wa muguu. Mwaka 1892 alitoa kitabu juu ya alama za vidole. Hakuwa wa kwanza kuziangalia, maana wengine ku India na ku Japani walimutangulia, lakini yeye alionyesha kwa hesabu kwamba zinaweza kutofautisha mutu na mutu. Wakati tunajiandikisha kwa kura na tunaweka vidole ku mashine, ile kazi iko na mukono wake ndani.

Lakini ile akili ilienda pia njia mubaya. Mwaka 1869 alitoa kitabu cha kusema kwamba akili inarithiwa mu damu ya jamaa fulani paka, na mule ndani alipanga mataifa sawa ngazi: watu weusi akawaweka ngazi mbili chini ya Waingereza. Hakuuliza nani alipata masomo na nani alikatazwa. Hakuuliza urizi wa baba yake ulitoka wapi. Mwaka 1883 alitunga jina la elimu yake mupya, ejenisimu: kusaidia wenye kuitwa bora wazae sana, na kuzuia wenye kuitwa zaifu wasizae. Yeye mwenyewe na bibi yake Louisa hawakupata mutoto.

Kwa mutu wa mawazo kama haya, kura ya wote ilikuwa kitu cha kutiliwa mashaka. Kama akili iko kwa wachache, namna gani sauti ya mubeba udongo ihesabiwe sawa na ya musomi?

Ngombe wa Plymouth

Mwaka 1906 kulifanyika maonyesho ya nyama na kuku ku Plymouth, muji wa bandari kusini-mangaribi ya Uingereza. Walichagua ngombe mumoja munene. Mwenye alitaka alinunua tike ya peni 6, akaandika jina lake na uzito wenye yeye alifikiri: ngombe akichinjwa na kutengenezwa, nyama itatoa ratili ngapi? Ratili ni kipimo cha Waingereza, karibu nusu kilo. Wenye kukaribia zaidi walipata zawadi. Ilikuwa sawa tombola yetu, tofauti ni kwamba hapa mutu hakungojea bahati, alitumia macho yake. Wachinja nyama na wafugaji walicheza, lakini pia watu wengi wenye hawakujua sana mambo ya ngombe.

Galton alikuwa sasa muzee wa miaka 84. Aliposikia ile habari aliomba tike zote kwa wenye maonyesho, wakamukopesha. Zilikuwa karibu 800. Akatoa 13 zenye hazikusomeka muzuri, zikabaki 787. Akazipanga kwa mustari, toka uzito mudogo mupaka uzito mukubwa, kisha akaangalia ile ya katikati kabisa: nusu ya watu chini yake, nusu juu yake. Ilikuwa ratili 1207. Nyama yenyewe, ilipopimwa, ilikuwa ratili 1198. Tofauti ni ratili 9, yaani kama kilo 4 juu ya nyama ya kilo zaidi ya 540. Haifike hata moja kwa mia. Kisha mutu mumoja alimuuliza: na kama tunajumlisha zote na kugawanya? Akahesabu, akapata ratili 1197.

Tuelewe muzuri jambo hili. Nusu ya watu walikuwa kati ya ratili 1162 na 1236, na nusu ingine walikuwa nje ya pale, wengine mbali kabisa. Mumoja mumoja walikosea sana. Wote pamoja, karibu hawakukosea.

Galton alitoa hesabu yake tarehe 7 Machi 1907 mu jarida Nature. Aliandika kwamba mwenye kucheza pale alijua ngombe kadiri mupiga kura wa kawaida anavyojua mambo ya serkali, na kwamba matokeo yanaheshimisha kura ya watu wengi kuliko vile mutu angeweza kufikiri. Kwa mutu mwenye alipita maisha yake akitafuta damu ya wakubwa, ile haikuwa neno dogo. Angeweza kuficha zile tike mu sanduku, na hakuna mutu angejua. Hapo tunamupa heshima yake.

Sababu gani walifaulu

Galton mwenyewe alieleza, na maelezo yake njo musingi wa masoko yote ya leo.

Kwanza, peni 6. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha kufukuza wenye kuja kucheka. Mutu akiweka ya kwake, hata kidogo, anaangalia mara mbili. Pili, zawadi: kila mutu alijikaza atoe hesabu yake bora. Tatu, hapakuwa na musemaji wa kupandisha roho za watu. Hakuna mukubwa alisimama juu ya meza kusema ngombe huyu ni ratili 1500, nafikiri mumeelewa. Kila mutu aliandika yake peke yake ku tike.

Tunaongeza moja sisi wenyewe: makosa yalikuwa tofauti. Mumoja alizidisha, mwingine alipunguza, na makosa yakakulana. Kama wote wangekosea upande mumoja, hata watu 10.000 hawangefika.

Wiki moja mbele ya ile ya ngombe, Galton aliandika ingine yenye inatufaa zaidi sisi wa sendika. Aliuliza: kamati ikikaa kuamua feza ya kulipa, kila mutu na namba yake, tuchukue ipi? Alisema: ya katikati. Tuchukue mufano wetu. Madelege watano wanaombwa kusema nyongeza ya mushahara: 50, 60, 70, 80, na mumoja mwenye kelele anasema 1000. Mukijumlisha na kugawanya, munapata 252, namba yenye hakuna hata mumoja alifikiri. Mwenye kelele amewavuta wote. Mukichukua ya katikati, munapata 70, na mwenye kelele amehesabiwa kama mutu mumoja paka.

Masoko ya leo

Galton alikufa tarehe 17 Januari 1911 ku Haslemere. Miaka mbili mbele mufalme alimupa cheo cha Sir. Hesabu ya ngombe haikubadilisha urizi wake: feza aliachia chuo kikuu cha London kwa kufundisha ile ejenisimu. Siku mbili tu nyuma ya habari ya ngombe kutoka, tarehe 9 Machi 1907, inchi ya Indiana ku Marekani ilitia sahihi sheria ya kwanza ya kukata uzazi wa watu kwa nguvu. Ku Marekani zaidi ya watu 60.000 walikatwa vile, na ku Ujerumani wakati wa Hitler karibu 400.000. Mwaka 2020 kile chuo cha London kiliondoa jina la Galton ku nyumba yake ya masomo. Ejenisimu yake imekuwa haya. Ngombe wake anaendelea kutembea.

Alitembea mupaka Iowa, ku Marekani. Mwaka 1988, Bush na Dukakis walipogombea urais, walimu wa chuo kikuu cha kule walifungua soko dogo. Mutu aliingia na dola zake kidogo, akanunua ao akauza sehemu juu ya mugombea. Namna yenye inajulikana zaidi leo iko hivi: ile sehemu italipa dola moja kama mugombea anashinda, na haitalipa kitu kama anashindwa. Ukiona inauzwa senti 60, ni kusema wenye soko wote pamoja wanamupa nafasi 60 kwa 100. Mwenye kujua habari mubaya anauza, bei inashuka. Mwenye kujua habari muzuri ananunua, bei inapanda. Bei inafanya kazi yenye Galton alifanya na tike 787, lakini kila siku. Wasomi walilinganisha soko la Iowa na sondaji 964 za uchaguzi wa rais toka 1988 mupaka 2004: mara 74 kwa 100 soko lilikuwa karibu na ukweli kupita sondaji.

Basi, linasema kweli kila mara? Hapana. Mwezi wa 6 mwaka 2016, Waingereza walipopiga kura ya kutoka mu Umoja wa Ulaya, masoko yalisema watabaki. Wakatoka. Mwezi wa 11 masoko yalimupa bibi Clinton nafasi kubwa. Trump akashinda.

Hapa iko makosa mbili ya kusoma. La kwanza: 75 kwa 100 si ahadi. Wafanyakazi wa chini ya udongo wanaelewa hii kupita wasomi. Mutu akikuambia dari hii iko na nafasi tatu kwa ine ya kusimama, utaingia chini yake na kuimba? Ile moja yenye inabaki iko na uzito wa mawe. La pili: ile soko inapoteza akili yake wakati watu wanaacha kuangalia ngombe na wanaanza kuangalia tike ya jirani. Kama wote wamesoma magazeti mamoja, na wanakaa mu miji mamoja, wako wengi kwa hesabu lakini ni mutu mumoja kwa mawazo. Tena mwenye feza nyingi anaweza kusukuma bei peke yake. Ku Plymouth tike za tajiri na za masikini zilikuwa na nguvu moja. Ku soko, mwenye kuja na milioni anasikilizwa kupita mwenye kuja na dola kumi.

Sisi tunabeba nini

Vijana, hatuwaambie muende kutupa feza ya posho ku ile michezo. Mwenye kuuza ile muchezo anapata sehemu yake kila siku, na ninyi munapata hasira. Mukitaka kujua kura itaenda namna gani, muangalie ile bei bure, na mukumbuke kwamba ni sauti ya wenye wanaweza kulipa. Mama wa soko wa Kipushi na mukrezeri wa Kolwezi hawamo mule ndani, na siku ya kura wao njo wengi.

Lakini namna ya Plymouth ni ya bure na ni yetu. Wakrezeri wanajua shida ya depo: mwenye kununua iko na mizani yake na mashine yake ya kupima madini, na neno lake njo la mwisho. Kabla ya kupeleka mufuko, kila mumoja wa equipe aandike ku karatasi uzito na ubora wenye anafikiri, bila kuonyesha mwenzake. Mupange, muchukue ya katikati. Mukifanya vile mara nyingi na mizani ya depo inakaa kila siku chini ya yenu, hiyo si bahati mubaya tena. Muko na karatasi za kuleta kwa sendika.

Na mu mikutano yetu, tuache desturi ya kiongozi kusema wa kwanza. Tukitaka kujua mugomo utashikwa na watu wangapi, kompanyi itakubali nyongeza gani, mulango gani wa mine unaogopesha, kila mutu aandike kwanza, kimya, hata mwenye kuanza kazi jana. Kisha njo wakubwa waseme. Ku mukutano ujao karatasi na bic vitakuwa ku meza ya kuingilia, na sisi wa komite tutaandika pamoja nanyi, mbele ya mutu yeyote kufungua kinywa.